Klipu ya Kumi na Nne

Gesare alikuwa na desturi ya kufika kazini kabla ya saa aliyoitoa mwenyewe, na Ijumaa ile hakuivunja. Saa mbili kasorobo asubuhi alikuwa amekwisha kusimama kando ya barabara kuu pale Keroka, mkoba wa vifaa mgongoni na kitambulisho cha kazi kifuani, akimsubiri mpiga picha aliyemkodi kutoka mjini Kisii.

Huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa mtayarishaji wa video wa shirika la kimataifa la kulinda amani. Kazi yake ilikuwa kwenda kule walikopelekwa wanajeshi wa kofia za buluu, kunasa wanayoyafanya na wanayoyasema, kisha kuyapanga yawe filamu fupi ambayo mtu aliye mbali angeweza kuitazama na kuelewa. Alikuwa amerekodi chini ya mahema yaliyopasuka kwa upepo, na kandokando ya mito iliyomeza madaraja. Popote alipokwenda, akiulizwa kwao, hakusema Kenya tu. Alisema Nyamache, kisha akamweleza mwulizaji mahali Nyamache ilipo, hata kama mwulizaji hakutaka kujua.

Safari hii kazi ilikuwa imemleta karibu na nyumbani. Filamu yenyewe ilimhusu Koplo Persis Nyasani, binti wa upande wa Nyamira, ambaye alikuwa akihudumu katika kambi ya mbele kule kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Gesare alikuwa amekwisha kumrekodi Persis siku kumi zilizopita, akiwa na bunduki begani na vumbi hadi kwenye kope. Palibaki sehemu moja tu, mama yake.

"Filamu zako ni safi," mkuu wa kitengo alikuwa amemwambia kabla hajaondoka. "Ni safi mno. Hazina moyo. Hii niletee moyo wa mama. Ukikosa, siku ya walinda amani tutaifungua kwa hotuba, kama mwaka jana."

Maneno hayo Gesare aliyameza, lakini hayakushuka. Walikuwa wamebaki na wiki tatu. Filamu ya msichana wa milima hii ingefungua sherehe mbele ya majenerali na mabalozi, au ingefungiwa kabatini.

Obiero, mpiga picha, alifika saa mbili na robo akiendesha gari lililojaa viti vya plastiki vya harusi ya Jumapili. Alikuwa mtu wa pande za ziwa, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua kwa urahisi. Alikuwa amekaa Kisii miaka tisa na duka lake la picha lilikuwa karibu na soko la Daraja Mbili.

"Madam, umefika jana?" alimwuliza.

"Nimefika kwa wakati. Wewe je?"

"Mimi nimefika na viti. Kwa Wakisii nimepiga harusi zaidi ya mia, na hakuna hata moja iliyokuwa na viti vya kutosha."

Walipanda mlima pamoja hadi nyumbani kwa Nyanchoka, mama yake Persis. Boma lilikuwa katikati ya shamba la majani chai, migomba ikiwa imelizunguka upande wa chini. Nyanchoka aliwapokea mlangoni akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Kando yake alisimama Mzee Obadiah, ndugu wa marehemu mumewe na mzee wa kanisa la Waadventista, ambaye alikuwa ameishika saa yake ya mkononi kama mtu anayesimamia mtihani.

"Karibuni sana," alisema Obadiah. "Binti wa Nyamache, wewe ni wetu, kwa hiyo nitasema wazi. Leo ni Ijumaa, siku ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia. Wakati huo hata kama unamhoji malaika, mwambie angoje hadi Jumapili."

"Tutakuwa tumemaliza mapema, mzee," Gesare alimhakikishia.

Nyanchoka alitia sahihi fomu ya idhini bila kuuliza swali, na kazi ikaanza. Gesare aliipanga kwa utaratibu aliojifunza na ambao haukuwahi kumwangusha. Kwanza alifunga madirisha, kwa sababu lori la majani chai lilikuwa likinguruma barabarani. Pili aliomba simu zote zizimwe. Tatu, kwa vile watu waliokuwa wakipita uani walikuwa wakitia kelele, aliomba kila mtu wa nyumba ile aingie ndani aketi. Ndivyo jirani Nyanchera, aliyekuja kusaidia kupika chakula cha Sabato, alivyojikuta kwenye kochi na mwiko mkononi. Mwisho, aliichukua picha ya Persis iliyokuwa ukutani, ile aliyopigwa akiwa amevaa sare siku ya kuhitimu mafunzo, akaisimamisha mezani, kisha akaweka kando yake chombo cha maua ili kamera ipate rangi.

Mahojiano yalikwenda, lakini hayakupaa. Gesare aliuliza Persis alizaliwaje, alipenda nini, ni jambo gani la utotoni mwake ambalo mama hangelisahau. Nyanchoka alijibu kwa Kiswahili cha heshima, mikono magotini, kama katibu anayesoma ripoti ya mwaka. Persis alikuwa mtiifu. Persis alipenda shule. Persis alikuwa akimsaidia mama kuchuma chai. Aliposema "namshukuru Mungu", alitua kabisa kama mtu aliyefika mwisho wa ukurasa. Obiero alimtupia Gesare jicho kutoka nyuma ya kamera. Wote wawili walijua kwamba walikuwa na maneno, ila filamu hawakuwa nayo.

Palibaki jambo moja la kiufundi. Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha chumba chenye bati si sawa na cha chumba chenye dari, na mhariri akikata maneno ya mtu huhitaji kimya cha chumba kilekile cha kuziba pengo. Kwa hiyo Gesare, kama alivyofanya baada ya kila mahojiano kwa miaka sita, aliinuka, akaunganisha viganja, akasema kwa sauti ya upole:

"Sasa nawaomba sote tuketi kimya kwa dakika moja."

Akainamisha kichwa ili asikilize vizuri. Obiero naye alitaka kuvaa hedifoni, na hedifoni hazikukubali kukaa juu ya kofia. Akaivua kofia yake, akaishika kifuani, naye akainamisha kichwa.

Sekunde kumi zikapita, kisha ishirini. Nyanchoka aliyatazama madirisha yaliyofungwa. Aliwatazama watu wa nyumba yake waliokusanywa. Akaitazama picha ya mwanawe katika sare, na maua pembeni. Akaitazama ile kofia kifuani pa yule mtu mnene. Gesare, ambaye macho yake yalikuwa sakafuni, hakuona chochote kati ya hayo. Alichosikia ni kilio.

Kilio chenyewe hakikuanza kidogo kikapanda. Kilitoka kizima. Nyanchoka alisimama, akazungushia kichwa mikono, akaita jina la mwanawe mara tatu, kisha akaanguka sakafuni. Nyanchera alitupa mwiko, akatoka mbio uani akipiga ukemi, na kabla hajafika kwenye migomba, mwanamke mwingine alikuwa amemwitikia kutoka mlima wa pili.

"Mama! Mama, hapana!" Gesare alipiga magoti kando yake. "Hakuna kilichotokea! Ni sauti tu! Tunarekodi sauti ya chumba!"

"Sauti ya nini?" Obadiah alifoka, machozi yakimlengalenga. "Umetuambia tunyamaze, sasa unasema sauti? Sauti ya nini?"

"Ya kimya, mzee."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, Gesare alitamani ardhi immeze. Maana sasa aliona alichokipanga, kitu kimoja baada ya kingine, na akakumbuka namna wageni wawili wenye adabu walivyofika nyumbani kwao Nyamache alipokuwa kidato cha tatu. Nao hawakusema upesi. Walikubali chai. Waliomba redio izimwe, wakaomba watoto waitwe kutoka shambani, mmoja akafunga mlango, na ndipo mkubwa wao akavua kofia. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba baba yake hayupo. Hakuna mtu wa milima ile ambaye angelitazama jambo alilolifanya leo akaliita kwa jina jingine.

"Ndiyo maana wamekutuma wewe," Nyanchoka alisema kutoka sakafuni, sauti imekauka. "Wametafuta mtu wa kwetu. Wiki tatu mtoto hajapiga simu, na leo wamenitumia mtu wa kwetu."

"Mama, hana simu kule. Kambi ya mbele haina mtandao. Ngoja nikuonyeshe." Gesare alifungua kompyuta yake. Persis akatokea kwenye skrini, akicheka, akifunga kamba za viatu.

Nyanchoka alitazama kwa muda mrefu. "Hii ni ya lini?"

"Siku kumi zilizopita."

"Siku kumi!" Alicheka kicheko kibaya. "Baba yake alikunywa uji saa moja asubuhi. Saa nne hakuwepo."

Gesare alitoka nje, akapanda hadi kwenye kichuguu ambapo mtandao ulishika, akampigia Meja Odoyo, afisa wa habari wa kikosi cha Kenya kule kaskazini. Alimweleza kila kitu bila kujitetea.

"Yuko hai, mzima kama kigongo," Odoyo alisema. "Lakini yuko doria. Mahali siwezi kukutajia. Anarudi kambini saa kumi, na kambi ina simu ya setilaiti. Nitaomba kibali apige. Mpe mama, nizungumze naye."

Gesare alirudi mbio, akamshika Nyanchoka mkono ampandishe kwenye kichuguu. "Ni meja, mama. Anataka kukueleza."

Nyanchoka alirudisha mkono nyuma kama aliyeonyeshwa moto. "Sitaki meja. Meja ndiye huja na bendera."

Ilikuwa saa saba na nusu. Saa kumi ilikuwa mbali kama mwaka.

Watu walianza kuwasili kabla simu haijapoa. Walikuja kwa njia zote za mlima, wanawake wakiwa na kuni vichwani, kwa sababu kwenye matanga hakuna anayeuliza kama kuni zinahitajika. Sufuria ya kanisa, ile kubwa, ilifika imebebwa na wanaume wawili kwa mti. Turubai likaletwa. Obadiah alisimama katikati ya uwanja, saa mkononi, asijue la kufanya. Binti wa Nyamache alikuwa amemwambia hakuna kifo, ilhali sufuria ilikuwa imefika.

"Liwekeni hapo," aliwaambia waliobeba turubai. "Msilisimamishe. Wala msiliondoe."

Obiero alimsogelea Gesare. "Madam, si tuondoke? Watu hawa wananitazama kama mimi ndiye niliyemuua."

"Tukiondoka sasa tutakuwa tumethibitisha."

"Basi nifanye nini?"

"Vua koti ukapasue kuni."

Obiero akavua koti akapasua kuni. Gesare aliingia ndani, akaketi sakafuni kando ya Nyanchoka, mgongo ukutani. Alikuwa na maelezo mengi, yaliyopangika vizuri, na hakutoa hata moja. Nyanchera alipotandika mkeka alimsaidia kuvuta ncha. Bibi mmoja alipomwuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?" alijibu, "Marehemu hayupo, mama. Tunangoja simu." Akajibu hivyo kwa kila aliyeuliza, kwa sauti ileile, mara kumi na moja.

Saa kumi ilifika, ikapita. Saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na robo. Nyanchoka hakuwa akilia tena. Alikuwa akikitazama kile kisimu kilicholala kwenye kiganja cha Gesare, wameketi sasa juu ya kichuguu kwa sababu ya mtandao, na watu zaidi ya sitini wakiwa wamesimama chini yao, kimya. Saa kumi na dakika ishirini na tano simu ililia.

Gesare aliweka sauti ya wazi. Palikuwa na mikwaruzo, kisha sauti ya msichana, iliyokauka kwa vumbi lakini yenye nguvu:

"Mama! Nasikia umenizika."

Uwanja ulivuta pumzi. Lakini Nyanchoka hakuwa mtu wa kukubali haraka mara mbili kwa siku. Alikaza uso.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Persis."

"Kama ni Persis, ng'ombe aliyevunja kibuyu cha maziwa siku ya ubatizo alikuwa wa rangi gani?"

Mikwaruzo kidogo. "Mama, hapakuwa na ng'ombe. Alikuwa mbuzi wa Baba Obadiah. Na kibuyu hakukivunja mbuzi, ulikivunja wewe ukamsingizia, nami ukaninunulia mandazi ninyamaze."

Obadiah aliishusha saa. "Nyanchoka! Yule mbuzi nilimchapa!"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika, Gesare alikuwa na hakika, hadi barabarani Keroka. Wanawake walishikana mabega. Nyanchoka aliinyakua simu akaibana kwenye shavu, akicheka na kulia kwa pamoja, akimwuliza mwanawe kama anakula, kama analala, kama ana sweta. Kisha akamwuliza alikuwa wapi mchana kutwa wakati mama yake akifa.

"Doria, mama. Kuna wanawake wa kambi ya wakimbizi huku. Wakienda porini kuokota kuni wanavamiwa. Kwa hiyo siku za kuni tunatembea nao, wakienda na wakirudi. Leo walikuwa mia moja na arobaini. Wote wamerudi."

"Eti jeshi linasindikiza watu kuni?" Nyanchera alipaza sauti kutoka chini. "Sisi tumezileta hizi peke yetu! Atuletee basi wawili watatu wa kutusindikiza!"

"Wewe nani atakuvamia?" mwingine akamjibu. "Akikuona na mwiko wako atakimbia yeye."

Simu ilipokatika, turubai lilikuwa limekwisha kujikunja lenyewe, au ndivyo ilivyoonekana. Sufuria ilibaki. Kuni zilizoletwa hazirudi nyumbani, wanawake walisema, na chai ikainjikwa ya watu sitini.

Wakati huo ndipo Obiero alipomvuta Gesare hadi nyuma ya nyumba. Uso wake ulikuwa mzito.

"Madam, nilipokimbia sikuzima kamera. Imeendelea hadi betri ikafa. Klipu ya kumi na nne. Tazama."

Gesare alitazama akiwa amesimama kati ya migomba. Ilikuwa pale yote. Mwanga ulipenya kwenye ufa wa dirisha ukaangukia shavu la Nyanchoka. Macho yake yalipanda kutoka kwenye picha na maua hadi kwenye kofia ya Obiero, na pale, kabla ya kilio, palikuwa na nusu sekunde ambayo uso wake ulijua. Katika miaka sita Gesare hakuwahi kurekodi kitu chenye nguvu kama kile. Hata sauti ilikuwa safi. Fomu ya idhini ilikuwa mkobani mwake, ina sahihi, na ilisema "vyote vitakavyorekodiwa". Mkuu wa kitengo angetazama mara moja tu, na sherehe ingefunguliwa.

"Huo ndio moyo wa mama ulioniambia wamekutuma," Obiero alisema polepole. Hakusema kwa furaha.

"Kile chombo kilikuwa kinaniona nilipolia?"

Nyanchoka alikuwa amesimama nyuma yao, kikombe cha chai mkononi. Gesare aliona kwamba neno moja fupi la uongo lingetosha, na hakuna ambaye angemshitaki.

"Kilikuona, mama. Chote kimo."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Nyanchoka alijitazama akianguka, na kikombe hakikutikisika. Alipomaliza aliuliza, "Leo nani amekufa hapa?"

"Hakuna."

"Basi kilio hiki hakina mwenyewe. Ukikipeleka huko, watu watanitazama nikilia, watamtafuta aliyekufa, na watamwona Persis. Mtoto wangu amewarudisha wanawake mia moja na arobaini nyumbani, halafu watu wamwone kama maiti? Futa."

"Mama, kanuni ya kazi yangu hainiruhusu kufuta. Kilichorekodiwa ni mali ya shirika."

Obadiah, ambaye alikuwa amefuata sauti zao, alitikisa kichwa kwa huzuni. Yeye alikuwa mtu wa kanuni, na alijua uzito wa jambo hilo. Nyanchoka hakumtazama.

"Kamera ni yao," alisema. "Na huo uso ni wa nani?"

Gesare aliiheshimu kanuni maisha yake yote. Ilikuwa imemtoa Nyamache ikamfikisha kwenye vyumba ambavyo milango yake hufunguka yenyewe. Sasa aliipima, na kadiri alivyoipima ndivyo alivyozidi kuona kwamba hakuwa na swali la kujibu. Aliichukua kamera mikononi mwa Obiero. Akachagua klipu ya kumi na nne. Kamera ikamwuliza kama ana hakika. Akamgeuzia Nyanchoka skrini ili aone mwenyewe, kisha akabonyeza.

"Uuui," Obiero alisema. "Madam."

"Weka betri mpya."

"Ya nini tena?"

Nyanchoka ndiye aliyejibu. Alikuwa amekwisha kuvua kitambaa kichwani na alikuwa akikifunga upya, kwa kukaza. "Ya kunihoji. Asubuhi mliniuliza habari za mtoto mdogo aliyekuwa akichuma chai. Nilidhani mnajua kitu msichotaka kusema, nikaogopa kila neno. Sasa niulizeni habari za koplo. Lakini si kule ndani. Nani anaketi na madirisha yamefungwa kama mgonjwa?"

"Saa kumi na moja na robo," Obadiah alitangaza. "Jua ni saa kumi na mbili na nusu. Fanyeni kazi!"

Obiero alipanga kamera uwanjani. Mlima wa chai ulikuwa nyuma, umepigwa na jua la jioni. Gesare alianza kuwaomba wageni waondoke kwenye fremu, kisha akajizuia. Waliachwa walipokuwa, wanawake wakiwa wameketi juu ya mizigo yao ya kuni, vikombe mikononi. Hakumwomba mtu yeyote anyamaze.

Nyanchoka hakuketi. Alizungumza akiwa amesimama, na safari hii kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, kwa sababu, alisema, Kiswahili alikuwa amekitumia chote asubuhi na huko kuna watu wa kutafsiri. Alisimulia jinsi Persis alivyobeba kapu la majani la jirani aliyekuwa mja mzito, kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, kila jioni kwa miezi mitatu, bila kuambiwa na bila kusema. Yeye mama alikuwa amelijua jambo hilo tu siku jirani alipojifungua akampa mtoto jina la Persis.

"Nilimwuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, mama, nilikuwa napita njia hiyohiyo." Nyanchoka aliinua kidevu. "Leo nimesikia kazi yake. Anatembea na wanawake njiani ili wafike kwao. Mnaniuliza kama nilijua atakuwa mwanajeshi. Sikujua. Lakini kutembea na watu, hilo alilitoa hapa. Wakubwa mnaotazama, hamkumfundisha ninyi. Mlimpa kofia tu."

Wanawake wote walipiga vigelegele, na jogoo, ambaye asubuhi alikuwa amefungiwa jikoni, alichangia kwa nguvu. Gesare, hedifoni masikioni, alisikia kila kitu kikiingiliana na hakukata.

"Dakika nane," alisema Obadiah. Kisha, baada ya kuutazama uso wa shemeji yake, akaongeza, "Lakini saa yangu huwa inaenda mbele kidogo."

Wiki tatu baadaye sherehe ilifunguliwa kwa dakika nne za filamu, zaidi kwa dakika moja kuliko zilizoruhusiwa. Nyanchoka alizungumza kwa lugha yake, na maandishi yalipita chini yake. Majenerali walipofika kwenye neno la kofia walitazamana, kisha mmoja akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukamfuata kwa makofi. Persis, aliyeitwa kutoka kambini kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa amesimama mstari wa pili. Hakugeuza kichwa, kwa sababu alikuwa katika gwaride, lakini Gesare, kutoka kwenye chumba cha mitambo, aliona kidevu chake kikiinuka kwa namna aliyoifahamu.

Mkuu wa kitengo alimwita siku iliyofuata. Alimpongeza. Kisha akamsogezea orodha ya kumbukumbu, kidole kikiwa kwenye mstari uliokuwa mtupu.

"Kumi na tatu ipo. Kumi na tano ipo. Kumi na nne iko wapi?"

"Niliifuta."

"Unajua hilo litaingia kwenye faili lako?"

"Najua. Naomba kalamu niandike sababu, ili faili liwe kamili."

Alipewa kalamu. Aliketi, akanyoosha karatasi, na kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima akajaza mstari ule: *Imefutwa na mtayarishaji, kwa agizo la mwenye uso.* Akatia tarehe. Akaandika majina yake yote matatu, na chini yake, ingawa fomu haikuuliza, akaandika Nyamache.